Vikombe vya Asubuhi

11 Februari 1996

Mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka dukani, maana ndiko ninakoandikia, nimeegemea boksi la sahani ambalo shemeji yako ameahidi kulifungua tangu wiki iliyopita. Sisi wazima. Mama kikohozi kimemwachia, kimebaki kile cha kutafutia huruma tu. Shemeji yako mgongo unamsumbua, na ukimsumbua yeye tunasumbuka sote. Biashara si haba. Watu wananunua vikombe, vikombe vinavunjika, watu wanarudi.

Mpwa wako Chiriku yuko nyumbani kwa likizo fupi. Nadhani hujamwona tangu alipoingia chuo cha ukunga. Amekuwa mrefu kuliko mimi, na bado anaongea kama jina lake, ingawa siku hizi amepoa kidogo.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita, kule chuoni, aliishiwa nguvu asubuhi akaanguka. Mimi naona ni uchovu, maana wanafunzi wale wanafanyishwa kazi kama punda. Nilimpeleka kwa daktari wa hapa, naye akampa vidonge, na kwenye kadi akaandika neno ambalo mimi siliandiki katika karatasi yangu. Chuo nacho kinataka barua ya daktari ndipo arudi. Wewe ni daktari, tena unasomea ubongo, tena uko hospitali kubwa yenye karatasi zenye nembo. Waandikie mistari miwili tu, kwamba binti aliishiwa nguvu kwa njaa na uchovu, na sasa hana tatizo. Usizidishe maneno, nakujua.

Mama anauliza unakula nini huko.

Dada yako


6 Machi 1996

Dada mpendwa,

Barua yako imenikuta salama, ila imechoka kuliko mimi, bahasha imelowa upande mmoja. Mwambie Mama ninakula. Chumba changu kiko juu ya dobi, kwa hiyo kuta zina joto mchana kutwa na nguo zangu zote zinanukia sabuni ya watu wengine. Mtihani ni mwisho wa mwaka. Mpe pole shemeji, mwambie aache kuinua maboksi kwa kiuno.

Dada, siwezi kuandika barua unayoitaka. Tafadhali usikunje uso kwanza, nisikilize. Wanafunzi wa ukunga hawana likizo mwezi wa pili, mimi nimefanya kazi nao. Na chuo hakidai barua kwa mtu aliyeanguka kwa njaa, humpa uji akaendelea. Kuna kitu hujaniambia. Sikulaumu, ila siwezi kumsaidia mtu nusu.

Niambie haya. Nani aliona mwanzo? Simtafuti aliyemkuta chini, namtafuta aliyekuwepo kabla hajaanguka. Ilikuwa saa ngapi, na usiku wake alikuwa amelala? Mikono ilimshtuka kabla, akaangusha au kurusha kitu? Huwa anakatika katikati ya maneno, macho yakatulia mahali pamoja, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea? Na vidonge alivyopewa vinaitwaje?

Maswali haya si ya kumpima mtu heshima. Kuuliza si ujinga, na mimi bila kuuliza ni fundi aliyefumbwa macho.

Msalimie mpwa wangu sana.

Mdogo wako


2 Aprili 1996

Wewe Bwana Maswali,

Tu wazima. Mama amesikia habari za dobi, ameanza kuamini kwamba unafua nguo za watu kwa siri. Binamu yako wa kiwandani amepata mtoto wa kiume, anafanana na baba yake masikini. Mvua imepiga paa la stoo, tumehamisha glasi zote chumbani kwetu, ninalala nikisikiliza zikigongana.

Nilikuomba mistari miwili, umenirudishia mahojiano ya kituo cha polisi. Haya, nakujibu. Kichwa kiligeuka upande wa kulia. Ndivyo nilivyomwambia daktari wa hapa, naye akafurahi hata akapiga mstari chini yake kwenye kadi, akasema basi ugonjwa unaanzia upande mmoja wa ubongo. Vidonge ni kabamazepini. Nani aliona? Watu waliona. Ilikuwa asubuhi, nimeshakwambia. Alilala? Kila mtu hulala.

Mikono yake haina tatizo. Hajavunja kikombe hata kimoja dukani mwaka huu wala uliopita, wakati shemeji yako peke yake amemaliza seti mbili.

Unalotakiwa kujua ni hili. Tangu aanze vidonge hivyo ameanguka mara mbili hapa hapa nyumbani. Mara ya pili aliuma ulimi, damu ikatapakaa kwenye kanga yangu, na Mama alikuwa ameketi pale pale akaona yote. Daktari akaongeza vidonge, na binti amezidi kuharibika. Basi niambie, wewe na hao maprofesa wako mna faida gani kwangu? Ugonjwa ni ugonjwa. Majina ni ya nini? Mpatie dawa inayofanya kazi, uwaandikie chuo, mtoto arudi akasome.

Amekuwa hatoki. Anakaa na vitabu vyake vya ukunga, anavisoma kwa sauti kama mtu anayesali.

Dada yako


28 Aprili 1996

Dada,

Nimefurahi kusikia habari za mtoto wa binamu. Mengine yote ya barua yako yamenichoma.

Naandika nikiwa na hasira, afadhali nikwambie mapema. Umejibu kila swali kwa namna ya kutolijibu. "Watu waliona." Watu gani, dada? Umeniambia kichwa kiligeuka kulia, lakini hujasema ulikiona kwa macho yako. Ulikuwa chuoni siku ile? Hukuwepo. Umemsimulia daktari kitu ulichosimuliwa, naye akakijengea nyumba. Hata anayeshikwa ubongo mzima kwa pamoja anaweza kugeuza kichwa.

Unaniuliza majina ni ya nini. Siku mteja akiingia dukani akakwambia, "Nipe chombo," utampa nini? Utamwuliza ni cha kupikia au cha kunywea, cha udongo au cha glasi. Ukimpa glasi nyembamba naye akaimiminia maji yanayochemka, ikapasuka, utamlaumu nani? Kifafa ni jina la rafu nzima, dada, si la kikombe kimoja. Nimeliandika neno lenyewe, na karatasi haikuungua.

Sisi tunaanza kwa kuuliza mtu anashikwa namna gani. Kuna anayeanzia sehemu moja ya ubongo, na kuna anayewaka pande zote kwa wakati mmoja. Kisha tunaangalia alianza akiwa na umri gani, anashikwa saa zipi, kitu gani kinamchokoza, nani mwingine kwenye ukoo, na kipimo cha umeme wa ubongo kinasemaje kama kipo. Huko kwenu hakipo, kwa hiyo maneno yenu ndiyo kipimo. Vyote hivyo vikikaa pamoja ndipo tunapata jina la ugonjwa wenyewe, na jina ndilo linalochagua dawa. Iko dawa inayomwokoa mmoja ikamharibia mwingine. Ninaogopa Chiriku ni huyo mwingine.

Kila Jumatano tunakaa katika chumba kisicho na dirisha, Profesa, wakubwa wawili na sisi tunaosomea, mafaili mezani. Hakuna faili linaloondoka bila aina. Ukisema haijulikani, Profesa hagombi. Anakuuliza tu, "Haijulikani, au hukuuliza?" Jumatano iliyopita niliwasilisha habari za mpwa wangu bila kusema ni damu yangu. Swali la kwanza lilikuwa nani aliona mwanzo. Nilifunua faili kana kwamba jibu limo, na wenzangu wakatazama meza.

Tafadhali, dada. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niambie asubuhi zake zikoje, kuanzia anapofumbua macho.

Mdogo wako


30 Mei 1996

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa kwenye droo ya duka muda mrefu kwa sababu nilikuwa nimekuchukia. Sasa hasira imepungua. Mama mzima. Shemeji yako alilazwa kitandani na mgongo wiki nzima, na ndiyo sababu ya kisa ninachotaka kukupa, ujue nami nateseka na huyu mpwa wako.

Nilikwenda kununua mzigo, dukani nikamwacha Chiriku. Asubuhi mapema akaingia mama mmoja mwenye mgahawa, mteja wangu wa siku nyingi, akataka birika la kauri lililo rafu ya juu. Chiriku akamjibu, "Shikamoo mama, sishiki kauri kabla ya saa nne. Pandia kiti ulichukue mwenyewe." Yule mama mnene, na kiti kile kina mguu mbovu. Alinisubiri nirudi anisute mbele za watu.

Nilimgombeza Chiriku, ingawa moyoni najua kosa si lake, sheria ni yangu. Tangu akiwa na miaka kama kumi na minne mikono yake ya asubuhi ina usingizi. Anaamka, na mkono unaruka wenyewe, kijiko kinafika ukutani. Alivunja vikombe mpaka shemeji yako akampa jina la Mshahara, maana alikuwa anaondoka na mshahara wetu. Basi nikaamua hakuna kauri wala glasi kabla ya saa nne, na chai anywe kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, akishike kwa mikono miwili. Tukamaliza tatizo. Miaka yote hii hakuna aliyelikumbuka, tumezoea kama watu wanavyozoea mlango unaokwama. Ndiyo maana nilikwambia hajavunja kitu. Sikudanganya.

Sasa hilo la likizo. Umeshalijua, basi tulimalize. Hakuna likizo. Walimrudisha. Alikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi, usiku wa pili mfululizo bila kulala, na kulipokucha akapewa beseni lenye vyombo alishike karibu na kitanda cha mtoto mchanga. Mikono ikalirusha. Halikumgusa mtoto. Akasema, "Samahani, ni mikono yangu," akaokota, ikarusha tena, ndipo akaanguka. Hayo aliniambia mwenzake aliyekuwa naye, msichana mwenye akili zake. Kichwa kugeuka alikusema mwingine, aliyekuja baadaye.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua ukishaandika "mtoto mchanga" na lile neno katika mstari mmoja, binti yangu ukunga umekwisha. Hataki kitu kingine duniani, anautaka tangu akiwa anazalisha wanasesere chini ya kaunta. Sasa unalo lote. Fanya unavyojua.

Dada yako


14 Juni 1996

Dada yangu,

Leo nisamehe salamu, Mama nitamwandikia peke yake.

Barua yako imenifikia asubuhi ya Jumatano, nikaingia nayo mkutanoni. Safari hii nilisema kwamba huyu ni mpwa wangu. Niliwasomea kile kipande cha kikombe cha plastiki, Profesa akaniomba nikirudie. Halafu akavua miwani akasema, "Familia hii iliitibu dalili kwa kikombe, ndiyo maana hakuna daktari aliyeiona." Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka na kulia na kukupigia kelele, vyote pamoja. Miaka yote hii jibu lilikuwa mezani kwenu kila asubuhi, lina mfuniko.

Kuruka kule kwa mikono ni kifafa, dada. Ni namna mojawapo ya kushikwa, fupi sana, mtu akiwa na akili zake. Mikono kushtuka asubuhi baada ya kuamka, kuanza ujanani, kuanguka kukubwa kunakofuata usiku bila usingizi: hayo yakikaa pamoja yana jina, nami kwa Kiswahili changu cha kujitungia naliita kifafa cha ujana chenye mishtuko. Hakianzii upande mmoja. Kabamazepini inamfaa yule wa upande mmoja, lakini huyu wetu mara nyingi humzidishia, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwangusha mbele ya Mama. Daktari wenu hakufanya uzembe. Alipewa kichwa kilichogeuka, akakitibu kichwa kilichogeuka.

Msiache vidonge ghafla, ni hatari. Nendeni kwake na barua niliyomwandikia, imo humu. Atabadilisha pole pole, hii ikishuka nyingine ikipanda. Chiriku alale usiku, kila usiku, hilo ni sehemu ya dawa. Na awe tayari kwamba dawa yenyewe atainywa miaka mingi, pengine maisha yote.

Ukurasa wa mwisho ni wa Chiriku. Ni mtu mzima, na mwili ni wake. Mpe ausome, au msomee. Usikae nao.

Mdogo wako anayekupenda na kukukasirikia


21 Julai 1996

Mdogo wangu,

Sote tunaendelea. Mama amepata barua yake, analala nayo chini ya mto na hataki kutusomea. Paa la stoo limezibwa, sasa linavuja pengine.

Tulikwenda kwa daktari. Foleni ilifika nje barabarani, na mtu mwenyewe macho yamemwingia ndani kwa kuchoka. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, lakini alisoma barua yako mara moja akauliza, "Mama, mbona hukuniambia habari za mikono?" Nikamwambia hakuniuliza habari za vikombe. Akasema kweli, hakuuliza. Kisha akanigeuzia kisogo akamtazama Chiriku, akamwuliza yeye, tangu lini, asubuhi ngapi, akikosa usingizi inakuwaje. Ndipo nilipogundua kwamba tangu balaa hili lianze hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Aliongea mpaka nesi akachungulia mlangoni. Nilitoka pale nimejikasirikia, na hasira ile bado haijaisha.

Dawa imebadilishwa. Mikono ilianza kutulia kabla hata vidonge vya zamani havijaisha. Hajaanguka tena. Juzi alikunywa chai saa moja kwenye kikombe changu cha maua, shemeji yako akajifanya anasoma gazeti, nikaona hafunui ukurasa.

Ule ukurasa nimeusoma. Sijampa. Unasema dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, mgongo wake na akili zake, na kwamba asishike mimba kabla ya kupanga na daktari. Unawezaje kumwambia hivyo msichana anayesomea kuzalisha? Wewe ulijua haya ulipokuwa ukiichagua, ukameza maneno mpaka ukurasa wa mwisho. Watu wakilisikia hili nani atamwoa? Ngoja kwanza apone, afurahi, arudi chuoni. Mengine yatakuja na wakati wake.

Na kwa kuwa sasa ni mzima, waandikie chuo mistari yangu miwili. Lile neno halihitajiki tena.

Dada yako


9 Agosti 1996

Dada,

Nawasalimu wote.

Barua ya chuo nimeiambatisha. Neno limo, aina yake imo, dawa imo, na imo sentensi isemayo kwamba anaweza kufanya kazi ya ukunga akipewa zamu za mchana na kulala usiku. Profesa ametia saini chini yangu. Ukilikata neno kwa wembe, barua itabaki na tundu, nao watauliza tundu lilikuwa na nini.

Ukurasa nilioandika kwa Chiriku haukuwa wako. Ni kweli nilichelewa kulisema, na nilichelewa kwa sababu nilikuwa nikitafuta dawa nyingine inayomfaa ambayo nyie mnaweza kuipata huko, nikaikosa. Hiyo ndiyo iliyopo. Kipimo chake kiwe cha chini kabisa kinachomtosha, na yeye ajue. Anasomea ukunga, dada. Ataliona hili katika vitabu vyake siku moja, na siku hiyo atajua kwamba wewe ulijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe sasa unamficha mwenye maradhi maradhi yake mwenyewe.

Nimechoka. Kila mwezi nabembeleza ukweli kutoka kwa mtu aliyenilea. Hapa nawauliza watu nisiowajua wananijibu, lakini dada yangu ananipiga chenga.

Mdogo wako


15 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Barua yako ilinipiga kofi, nami sikuwa na wa kumrudishia, kwa hiyo niliwafokea wateja siku mbili. Mama mzima. Shemeji yako anakusalimu, anasema usinifokee tena, ni yeye anayeishi nami.

Tulikwenda chuoni jana, mimi na Chiriku. Barua yako niliitia mkobani haina tundu. Ule ukurasa nao ulikuwa mle mle, bado.

Mkuu wa chuo ni mwanamke wa makamo, miwani yake ina kamba. Alitupokea vizuri, akatupa viti, mlango akauacha wazi kwa sababu ya joto. Akasoma barua yako yote. Kisha akafungua kitabu cha kanuni zao akanisomea: mwanafunzi mwenye kifafa hataendelea na mafunzo ya wodini. Akakifunga, akasema anasikitika sana, ni msichana hodari.

Nikamwuliza, "Kifafa kipi?"

Akanitazama. Akasema hapo hapakuandikwa kipi.

Nikamwambia basi aliyeandika aliacha kazi katikati. Nikaanza, mdogo wangu, na sikujua kama ninayo yote hayo. Nikamweleza kinachoanzia upande mmoja na kinachoanza pande zote. Nikamweleza saa zake, kinachokichokoza, dawa inayokizidisha na inayokituliza. Nikamwambia ni wao waliompa usiku mbili bila usingizi wakaja kushangaa kulipokucha, na kwamba akilala usiku akanywa dawa mikono yake inatulia kuliko yangu. Neno lile nimelikimbia tangu Februari, na jana nililitaja nisijue mara ngapi, kwa sauti ya dukani, mlango wazi, na wanafunzi walioacha kutembea kwenye ukumbi nikiwaona kwa pembe ya jicho. Nilitamani kuacha, nikashindwa kuacha.

Mkuu hakunijibu mimi. Akamgeukia Chiriku akamwuliza, kwa upole, "Na dawa yenyewe, unajua ina masharti gani kwa mwanamke?"

Nikauminya mkoba wangu.

Chiriku akasema, "Najua, mama. Nilimwuliza daktari siku ile alipoibadilisha, Mama yangu alipokwenda dirisha la dawa. Nikitaka mtoto nitakwenda kwake kabla ya kushika mimba, si baada. Nimesoma pia. Kwa sasa nataka kupokea wa wenzangu."

Alijua tangu Juni. Miezi yote niliyokuwa nauhamisha ule ukurasa kutoka droo hadi mkoba, anajua. Tulipotoka tukaketi kwenye benchi la nje, nikautoa nikampa, umechakaa. Hakuusoma. Aliukunja akaniambia, "Mama, nilikuwa nangoja uniambie wewe." Hakuongeza neno, Chiriku huyo. Nimewahi kutukanwa na watu wanaojua kutukana, haikuniuma hivyo.

Wamemrudisha darasani kuanzia Jumatatu. Wodini bado. Mkuu anasema yeye peke yake hana uwezo wa kugusa kanuni, ameichukua barua yako aipeleke kwa bodi, na bodi inakaa Desemba. Niliomba niwepo. Akasema wazazi hawaingii. Basi nitasimama nje mlangoni, na kila mjumbe atakayepita nitamwuliza kama anajua anakwenda kumkatalia binti yangu kwa kifafa kipi.

Dada yako